Alama za Vidole

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: jina.
Nikasema Tabu, maana nilizaliwa mwaka wa njaa,
na Ntakamulenga, la baba.
Afisa akaandika nusu, kalamu ikasita hewani.
"Hili jina mbona la ng'ambo?"
Ng'ambo ya nini, bwana?
Hapa Simbo kila kitu kina ng'ambo yake,
hata choo changu.

Tulikuwa kumi na wawili, kikundi kimoja,
ngazi za michikichi tumeziacha zikipukutika shambani.
Tunataka mashine ya kukamua mawese, ile ya injini,
isiyosukumwa na viuno vya wanawake.
Halmashauri inasema mkopo upo.
Mkopo unataka namba.
Namba inataka kadi.
Kadi inamtaka babu yangu.

"Kazaliwa wapi? Kazikwa wapi?"
Nikamweleza polepole, kama mtu anayehesabu chenji:
alizaliwa mlima ule, ukigeuka utauona dirishani.
Akapandishwa behewa Kigoma, enzi za mkoloni,
akashushwa Tanga kukata mkonge.
Babu alikuwa manamba, bwana.
Yeye namba alipewa siku ileile,
hakuulizwa kaburi la mtu.
Alizikwa hukohuko, katikati ya mistari,
Msambaa mmoja na Wamakonde wawili wakimchimbia.
Kaburi lake trekta linalijua. Mimi silijui.

"Shahidi?"
Kamba, nikasema.
Kila kamba iliyofunga gunia la nchi hii
kabla ya nailoni kuingia, iulize.
Akacheka kidogo, kisha akakumbuka kazi.

"Ng'ombe kwenu mnamwitaje?"
Inka.
"Na kule ni inka."
Na sokoni Mwandiga ni nyama, bwana,
kilo elfu kumi, na ushuru juu.
Mkusanya ushuru hajawahi kuliuliza dumu langu
mafuta haya ni kabila gani.

Nyuma yangu alisimama Kashindi,
ambaye bibi yake alivuka ziwa na mtoto mgongoni,
mtoto ndiye mama yake.
Kashindi anayetutunzia daftari la kikundi,
ambaye hajakosea hata shilingi hamsini.
Alisikia "kaburi", akajifunga kanga vizuri,
akaondoka kimya kama aliyesahau chungu jikoni.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilitazama foleni imepungua,
nikapumua.

Mwaka wa kura hakukuwa na foleni hii.
Mheshimiwa alipanda juu ya meza pale ghalani,
akaongea Kiha tangu salamu hadi kwaheri:
ninyi ni damu yangu, msimpe kura mtu wa kuja.
Tulipiga vigelegele. Nami nilipiga, sikatai,
nikimkanyaga Kashindi mguu kwa kucheza.
Damu yetu ilikuwa safi kabisa
mpaka masanduku yalipofungwa.
Lami ilikuja, ndiyo. Kilomita mbili,
inaishia getini kwake.

Saa tisa afisa alichoka, au alinihurumia,
au alikumbuka mlima ule dirishani.
"Haya. Weka vidole."
Kile kioo kina mwanga wa kijani.
Nikaweka cha kulia. Kimya.
Nikapangusa kwa kanga, nikaweka tena.
Cha kushoto. Gumba. Yote kumi.
Mashine haikuona mtu.
Alikishika kiganja changu, akakigeuza juani:
miaka ishirini na sita ya mti wa kukamulia,
mistari yote imelambwa, laini kama mise.

"Mama," akasema, na safari hii kwa upole,
"kaipumzishe mikono wiki mbili tatu.
Usikamue. Alama zikiota, rudi."

Nikamwuliza: na hizo wiki, tule kwa mikono ya nani?
Tayari alikuwa anaita jina linalofuata.
Lilikuwa la Kashindi.
Aliliita mara tatu.
Nilikuwa mlangoni, nikasema yupo, anakuja,
nikakimbia kumfuata.